Kodi ya miezi sita

Jana mwanangu alilala mpaka asubuhi bila kukohoa. Mimi ndiye niliyeamka mara tatu kusikiliza anavyopumua.

Miaka mitatu tulipanga chumba Kigogo, Dar es Salaam, karibu na bonde la Msimbazi. Kila masika maji yanaingia ndani. Yakikauka, nyuma ya kitanda kunabaki ukungu mweusi; unaufuta, wiki ijayo umerudi. Mtoto ana pumu. Daktari aliniambia wazi kwamba dawa zitamtuliza tu, kinachomuumiza ni kile chumba.

Watu wanauliza kwa nini hatukuhama. Jamani, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Chumba cha elfu 60, hiyo ni laki nne na ishirini kwa siku moja! Kila nikikaribia, mtoto anabanwa kifua usiku, tunakimbia na bajaji hospitali, akiba kwisha. Mimi na baba yake tukabaki kugombana.

Sasa tuko Chamazi, pembezoni mwa jiji. Natoka saa 11 alfajiri kuwahi kibarua, lakini dirisha linapitisha hewa. Wenye nyumba, nawaomba mtupokelee hata kodi ya mwezi kwa mwezi.

Asubuhi nimepitisha kiganja ukutani, nyuma ya kitanda. Pakavu.