Mwanao Atakapokuuliza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, Waisraeli wanaamriwa wawafundishe watoto wao maneno ya Bwana kwa bidii, waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Mbele kidogo, katika aya ya 20, tunaambiwa pia ni nani atakayeanzisha mazungumzo hayo, naye si mzazi. Mtoto ndiye atakayeuliza maana ya amri na hukumu hizo, na jibu ambalo mzazi anaagizwa kulitoa linaanza kwa maneno mazito: “Tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri.” Mzazi haruhusiwi kuanzia kwenye nchi ya maziwa na asali.

Nimekuwa nikizirudia aya hizo tangu mimi na binti yangu, aliye darasa la tano, tulipokwenda Bagamoyo wakati wa likizo. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, na njia nzima aliuliza habari za minazi na za mizigo ya malori, nami nikamjibu kwa wepesi kwa kuwa maswali hayo hayakunidai kitu.

Tulianzia Kaole, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo historia yake inarudi hadi karne ya 13. Nilitaka aanze hapo ili ajue kwamba pwani hii ilikuwa na watu waliomwabudu Mungu na kuwazika wafu wao kwa heshima karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajashuka chomboni. Mtoto wa Kikristo asiyefundishwa jambo hilo anaweza kukua akiwadharau jirani zake Waislamu bila hata kukusudia.

Kisha tukaenda misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Unguja, ambako soko la watumwa lilikuwa bado wazi na halikufungwa hadi mwaka 1873. Waliwakomboa watoto kwa kuwanunua, wakawalea na kuwasomesha, wakawapa kazi katika mashamba na karakana za misheni, na walipokua wakawafungisha ndoa na kuwapa makazi katika kijiji cha Kikristo. Katika makumbusho ya misheni binti yangu alisimama mbele ya minyororo iliyoliwa na kutu, akashika shingo yake mwenyewe kwa vidole viwili, kisha akaniuliza: “Baba, waliowafunga walikuwa Wazungu?”

Ningeweza kumjibu ndiyo, tukaendelea mbele. Ukweli ni kwamba misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoshuka Bagamoyo iliongozwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, kwamba wapo watawala wa bara waliowauza mateka wao wa vita, na kwamba wengi wa waliouzwa waliishia katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, huku wengine wakipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa kulima miwa. Nilimweleza hayo yote polepole. Alinyamaza, akauliza tena: “Na mapadre nao walinunua watu?” Nikamwambia kwamba ndiyo, walilipa fedha kwa wauzaji walewale, kwa nia ya kuwaweka huru, na kwamba wengi wa watoto hao hawakuwaona tena mama zao, hata baada ya kukombolewa.

Naamini jibu la namna hiyo halimwondolei mtoto imani. Kinachoiondoa ni kugundua, akiwa na miaka ishirini, kwamba mzazi wake alimpunguzia habari. Israeli hawakuficha kwamba ndugu zake Yosefu ndio waliomwuza kwa vipande ishirini vya fedha. Wameliandika jambo hilo katika Maandiko Matakatifu, likasomwa mbele ya wana na wajukuu wa ndugu haohao. Na ni kwa sababu limeandikwa ndiyo tunauona mkono wa Mungu mahali ulipopita. Vivyo hivyo, mwaka 1877, mapadre walipofungua misheni ya Mhonda huko bara, walikwenda pamoja na familia changa zilizotoka katika kijiji kile cha Bagamoyo. Watu waliowahi kutiwa bei sokoni wakawa miongoni mwa wa kwanza kuipeleka Injili upande ule, na uzito wa jambo hilo hauonekani kwa mtu aliyefichwa ile minyororo.

Karibu na makumbusho yale ya Bagamoyo upo mnara wa kanisa la zamani unaoitwa Mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulilazwa humo mwezi Februari 1874. Alifariki mwezi Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wenzake Waafrika, wakiwamo Susi na Chuma, wakaubeba mwili huo kwa miezi mingi hadi pwani. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861. Mnara umepewa jina la aliyebebwa, na mgeni asiyeuliza ataondoka bila kuwajua waliobeba. Hapo binti yangu hakuuliza kitu, ikabidi nianze mimi.

Wazazi wenzangu, si lazima safari iwe ya Bagamoyo. Makanisa yetu mengi ya parokia yalijengwa na watu waliochoma tofali na kusomba mchanga kwa vichwa, na baadhi yao bado tunasali nao katika jumuiya ndogo ndogo. Jumapili hii, baada ya misa, mchukue mwanao mwende kwa mmoja wa wazee hao, mumwamkie, kisha umwache mtoto aulize mwenyewe: ni nani walijenga, waliishije na mapadre na makatekista wa wakati huo, na ni mambo gani yaliwaumiza. Mzee akifika mahali pagumu katika simulizi lake, usimkatize.