Mwanafunzi wangu amerudi

Jana usiku nilizalisha akina mama wawili, na kwa mara ya kwanza tangu nije zahanati hii ya Kigoma vijijini, sikuwa peke yangu zamu. Binti aliyekuja kwetu mwaka juzi kwa mafunzo kwa vitendo, akishika fetoskopu, kile kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, huku mikono inamtetemeka, ameajiriwa hapa hapa!

Shirika la Afya Duniani linakadiria kila watu 10,000 wanahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 44.5. Sisi tulikuwa wawili, tukipokezana.

Chuo kilikaa na mwajiri wetu, wakakubaliana wanafunzi wapewe msimamizi na chumba. Hicho chumba ndicho muhimu, jamani. Wengi huondoka kwa kukosa pa kulala.

Alfajiri nilimkuta akimwelekeza mama kunyonyesha. Nikatoka nje, machozi yakanitoka.