Kujifunza kuandika habari za karafuu

Mwaka huu nimejiunga na programu ya uandishi wa habari za kilimo chuoni kwetu, na kazi ya kwanza imenifikisha katika shamba la mikarafuu karibu na Wete, kisiwani Pemba. Mhadhiri wetu hapokei habari iliyokusanywa ofisini pekee, na kwa hilo namuunga mkono kabisa.

Mzee mwenye shamba, baada ya kuniitikia shikamoo, alinikalisha jamvini pamoja na kina mama waliokuwa wakichambua, akanionesha kikonyo chenye matumba ya kijani, mengine yaliyoanza wekundu, na moja lililokwisha kuchanua. “Hili limeshapitwa, mwanangu,” alisema, kwa kuwa karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Zikishatenganishwa na makonyo huanikwa juani kwa siku kadhaa hadi ziwe kahawia iliyokoza, na mvua ikizikuta hupoteza ubora (na mvua ya Pemba haipigi hodi).

Jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka ni vipimo. Mchumaji hulipwa kwa pishi (kipimo cha ujazo, si cha uzito) ya karafuu mbichi, ilhali mwenye shamba huliuzia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar karafuu kavu kwa kilo, kwa hiyo habari inayotaja bei ya kilo peke yake haimwelezi msomaji aliyepanda mtini ameambulia nini. Rasimu yangu inabeba vipimo vyote viwili. Kilichobaki ni kuwauliza wachumaji wenyewe wanavyosaidiwa mmoja wao anapoanguka.