Waliniambia pampu ya trekta imekufa, kumbe maji kwenye oili

Jamani mi nina kitrekta kidogo cha mtumba cha Kijapani, nalimia shamba huku Pongwe, msimu wa machungwa navutia trela Muheza. Masika ilivyoisha mikono ya nyuma ya kunyanyulia jembe, ile ya haidroliki inayosukumwa kwa oili, ikawa inapanda kwa kujivutavuta, pampu inalia, ukichomoa kijiti cha kupimia oili ina rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa kwanza hata hajainama akasema pampu hiyo imekufa, anajua pa kupata nyingine, milioni na kitu. Wa pili ndo kaniudhi kabisa: "Mzee oili ni oili tu, hiyo haidroliki 68 nzito mno, weka ya injini namba 40 ipite vizuri." Fundi mzima! Hizo namba hazipimwi kwa mizani moja, 68 ya haidroliki ni nyepesi kuliko 40 ya injini, tena kwa mbali.

Nikachukua kikaango kikuukuu, nikakiweka kwenye jiko la mkaa mpaka kikashika moto sawasawa, nikadondosha tone la ile oili. Ta-ta-ta-ta! Linaruka mpaka nikarudi nyuma (simama mbali, inachoma). Tone la oili mpya likakaa kimya linatoa moshi tu. Kinachoruka vile ni maji. Nikawaita wote waje waone, wa pampu akasema ana haraka. Mama watoto kikaango chenyewe kasusa mpaka leo.

Maji yalipitia kwenye gia. Ule mpira unaoziba pale chini ya liva ya gia umechanika, trekta linalala nje, mvua yote ya masika inateremka ndani. Nikakata kipande cha tyubu ya pikipiki, nikakivisha kwa juu, klipu mbili, basi. Mpira wenyewe wanasema mpaka uagizwe Dar, mi sina haraka nao.

Kumwaga nako kuna mambo. Kijana wa gereji alifungua nati moja tu ya chini, akajaza, kulima kidogo maziwa yakarudi, maana oili ya zamani imebaki kwenye eksel na kwenye silinda ya kunyanyulia. Safari hii nikasimamia mwenyewe, nati zote za chini zikafunguliwa, mikono imeshushwa, filta mpya, chujio la waya likaoshwa kwa dizeli.

Nikaweka UTTO, ile oili ya trekta inayofanya kazi zote, dumu la lita 20 ni laki mbili na ushee, inauma, lakini langu gia, difu, haidroliki na breki vyote vinakunywa oili moja, ukiweka haidroliki tupu mikono itapanda freshi ila breki zitaanza kulia na gia zinakosa kinga. Halafu dumu likibaki nusu lifunge, liweke ndani, hewa yetu hii ya pwani ina unyevu balaa.

Kupima, trekta liwe sehemu tambarare na mikono iko chini, ukipima imepanda utadhani oili imepungua uongeze bure.