Nyumba ya Buster Keaton imenivunja mbavu

Sasa hivi nimemaliza One Week ya mwaka 1920 ya Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu wa Marekani, na bado nacheka mwenyewe. Filamu haifiki nusu saa, haina sauti, nyeusi na nyeupe, na mimi niliyezoea vichekesho vya watu kurushiana maneno nilijua tu nitaichoka mapema. Wapi!

Stori yenyewe nyepesi. Maharusi, bwana harusi akiwa Keaton mwenyewe, wamepewa zawadi ya kiwanja na nyumba ya kuunga, ile inayokuja kwenye maboksi yenye namba ukafuata maelekezo ukajenga mwenyewe, sasa kuna jamaa alimtaka bibi harusi akamkosa, kapita kimyakimya kabadilisha namba. Nyumba inasimama imepinda huku na kule, na mlango wa ghorofani ukiufungua unatokea hewani. Wewe uliyewahi kujenga na fundi wa kubabaisha utacheka kwa uchungu.

Ila kilichonimaliza ni piano. Jamaa wa kuleta mizigo kaibeba begani utadhani mto wa kulalia, anamkabidhi Keaton, na Keaton analaliwa na piano palepale chini. Nimerudisha nyuma nikaangalia tena na tena nikijiuliza nacheka nini hasa, maana nishajua kitakachotokea. Nadhani ni sura. Keaton hakunji uso, hakonyezi kamera, hatuombi tucheke, anaichukulia ile piano kama tatizo la kawaida linalotaka akili kidogo tu, basi anaanza kutafuta njia. Wachekeshaji wetu wengi siku hizi wakianguka wanatuangalia kwanza kama tumeona, na hapo utamu wote umeisha.

Halafu kamera inakaa mbali. Unamwona mtu mzima mzima, kofia mpaka kiatu, picha haikatwikatwi, kwa hiyo akiruka ni yeye karuka na akidondoka ni yeye kadondoka. Dhoruba inapoanza nyumba inazunguka kweli, waliijenga juu ya mtambo wa kuzungusha, na yeye yuko nje anaukimbilia mlango unaompita, anajirusha anakosa, anajirusha tena. Huyu tangu mtoto mdogo alikuwa jukwaani na wazazi wake, baba anamrusha huku na huko watu wanacheka, kwa hiyo kuanguka ndiyo kazi aliyokua nayo. Na siyo kwamba alikuwa haumii, kwenye filamu yake nyingine, Sherlock Jr. ya 1924, alivunjika mfupa wa shingo akaendelea na kazi, alikuja kuambiwa na daktari miaka mingi baadaye. Nikikumbuka hilo kicheko kinakwama kidogo, halafu natazama tena na nacheka tena, sijui ndo roho mbaya.

Charlie Chaplin, mchekeshaji mwingine wa enzi hizo, naye nampenda, ile filamu yake One A.M. ya 1916 yuko karibu peke yake muda wote, mlevi anahangaika na kitanda cha kukunja, lakini Chaplin anajua kwamba unamwangalia. Keaton kama hana habari na wewe.

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele, anajifanya haangalii. Ilipofika wanaambiwa wamejenga kwenye kiwanja siyo, inabidi nyumba ivutwe ng'ambo ya reli, akashindwa kuvumilia: "Kwani hawakuonyeshwa mipaka hawa?" Basi nyumba ikanasa relini, treni hiyo inakuja, mke na mume wamefumba macho, kumbe treni iko njia ya pembeni, inapita salama. Tukashusha pumzi. Hatujamaliza kushusha, ikaja nyingine upande wa pili ikaisambaratisha nyumba yote, nyumba ya kweli na treni ya kweli.

Keaton anachomeka kibao cha kuuza kwenye lile rundo la mbao, anamshika mkewe mkono waondoke, halafu anakumbuka kitu, anarudi kuacha na karatasi ya maelekezo kwa atakayenunua. Hapo mama kamwaga mchele.