Kima ya Mama

Jumatano moja ya mwaka 2019 nilitoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, nikaingia nyumbani Kimara saa mbili usiku. Wakati ule barabara za juu za Ubungo zilikuwa bado zinajengwa. Aliyekuwa akipita pale jioni anajua. Nikawakuta wadogo zangu wawili wamekaa jikoni kama wafiwa. Wali wa mchana ulikuwepo, sufuria zima, mchele wa Kyela. Mboga hakuna.

Kwenye friji kulikuwa na nusu kilo ya kima. Ya mama. Alikuja kututembelea kutoka Tanga, na asubuhi ile alikwenda buchani mwenyewe akasimama pale mpaka ikasagwa mara mbili, kwa ajili ya sambusa za kupeleka kwenye hitima kesho yake. Nikachungulia chumbani: yuko juu ya msala, anasali Isha. Na mama akisali Isha hana haraka, ana nyuradi zake. Nikapiga hesabu, nina dakika ishirini.

Upishi nilioufikiria niliutoa Seoul, nilikosoma miaka miwili. Wakorea wana bulgogi, yaani nyama ya moto: inakatwa nyembamba, inalowekwa kwenye soya sosi, sukari, saumu, mafuta ya ufuta, na wengi hukunia pea humo. Mwanafunzi hana hela ya nyama ile wala muda wa kuiloweka. Sisi tulinunua ya kusaga kwenye bucha za halali za kilima cha Itaewon, jirani na msikiti uliofunguliwa mwaka 1976, tukaipika na viungo hivyohivyo, tukaimwaga juu ya wali. Mkorea wa kweli angetucheka. Tulishiba.

Nikaacha kikaango kipate moto hasa, bila mafuta. Kima yetu ina maji. Ukianza kuigeuzageuza mapema inachemka tu, inakuwa ya kijivu kama chakula cha wodini. Nikaitandaza, nikaiacha inung'unike mpaka maji yakakauka na sauti ikabadilika. Nikanyanyua pembe moja kwa mwiko, nikaona chini imeshika rangi ya kahawia, ndipo nikaivunjavunja. Punje sita za saumu, kipande cha tangawizi, vijiko vinne vya soya sosi. Kisha nikafungua kopo la sukari.

"Asalaam alaykum."

Nikaitikia bila kugeuka. Kijiko cha kwanza kikaingia. Cha pili.

"Mwanangu, hiyo ni nyama au kashata?"

Wadogo zangu wakatazama sakafu. Mama akachungulia kikaango, akafungua friji, akaifunga taratibu.

"Na ni ile yangu."

"Nisamehe mama. Kesho nitakuletea nyingine."

Hakujibu. Akachukua kikopo chekundu kilichokuwa mezani. "Na hiki?"

Ilikuwa gochujang, pilipili iliyochachushwa pamoja na soya na mchele unaonata, nzito kama lami. Rafiki yangu aliyebaki Seoul alimpa mtu aniletee.

"Imechachushwa? Haina ulevi?"

Swali la haki kabisa, maana nyingi hutiwa alkoholi kidogo zisiharibike. Nikamsomea maandishi ya ubavuni, neno kwa neno, nikimwonyesha kwa kidole kwamba jujeong, ndiyo hiyo alkoholi, haimo. Mama hajui hata herufi moja ya Kikorea, lakini alikifuata kidole changu mpaka mwisho wa mstari wa mwisho.

"Tia kidogo," akasema.

Nikatia kijiko kimoja. Mafuta ya ufuta yakaingia moto ukiwa umeshazimwa, kijiko cha chai tu. Lindi tunalima ufuta kwa magunia, ila kachupa kale ka ufuta uliokaangwa nilikanunua kwa bei ya kuku. Juu nikanyunyiza vitunguu majani.

Wali wa Kyela unachambuka punje moja moja, hauna ule mnato wa wali wa Kikorea, na mchuzi ulipita katikati ukatuama chini ya sahani. Wadogo zangu hawakujali. Mama nilimpa majani ya saladi, nikamfundisha kama nilivyofundishwa: jani kiganjani, wali kidogo, nyama kidogo, kunja, tia kinywani lote kwa mara moja. Hilo la kula kwa mkono lilimlainisha kidogo. Akakunja la kwanza, akatafuna huku ananitazama.

"Tamu," akasema. Kisha, baada ya muda, "Tamu mno."

Mpaka leo sijui alikuwa anasifu au analalamika kuhusu sukari. Ninachojua ni kwamba alikunja majani matano, na la tano alilifutia sahani.

Wakati naosha vyombo akasimama mlangoni, kanga mabegani.

"Kesho saa moja uwe buchani. Isagwe mara mbili."

"Nusu kilo?"

"Kilo. Nusu ni faini."