Vyombo vya Kazi Katika Shule ya Shukunegi

Asubuhi nilishuka kwenye treni ya mwendo kasi mjini Niigata, Japani, nikapanda feri iliyotufikisha kisiwani Sado baada ya saa mbili na nusu, kisha nikashika basi hadi Ogi, kusini mwa kisiwa. Kutoka Ogi nilikwenda kwa miguu hadi kijiji cha Shukunegi, kijiji cha wenye majahazi na maseremala wa vyombo vya baharini, ambako nyumba zimesongamana bondeni na kuta zake zimefunikwa kwa mbao kama ubavu wa meli. Nilikuwa nimefuata mingu, ndilo jina ambalo Wajapani huviita vyombo vya kazi na vya nyumbani vya watu wa kawaida.

Makumbusho ya Ogi yamo katika shule ya msingi ya mbao iliyojengwa 1920. Madarasa yamejaa hadi juu: nyavu, ndoana, taa, mizani, viatu vya mti, masufuria, redio. Mimi ni mtu wa pwani, kwa hiyo nilikaa muda mrefu kwenye zana za maseremala, nikitambua tezo, patasi na misumeno kabla ya kusoma chochote. Randa ndiyo iliyonishangaza, kwa kuwa fundi wa Kijapani huivuta kuja kwake, hali fundi wa kwetu huisukuma.

Wingi huo haukuja kwa bahati. Mwaka 1960 serikali ya waziri mkuu Ikeda Hayato ilitangaza mpango wa kuongeza pato la taifa mara mbili katika miaka 10. Vijana wakahamia viwandani, plastiki ikachukua nafasi ya mianzi na majani ya mpunga, na kilichotumiwa na babu kikaonekana takataka. Miyamoto Tsuneichi, mtafiti aliyetembea vijiji vingi mno vya Japani, na ambaye 1975 alifika hata Kenya na Tanzania, aliwahimiza watu wa Ogi wakusanye vitu vyao wenyewe na kuviweka papo hapo kijijini. Makumbusho yakafunguliwa 1972. Naona alikuwa na haki kabisa. Ndoana ikipelekwa Tokyo itabaki ndoana tu, lakini hapa yupo mzee anayeweza kusema ilivulia samaki gani na nyuma ya jabali lipi.

Alasiri nilirudi Ogi kuona tarai-bune, mashua ya duara kama pipa la kuchachulia miso, yaani kiungo cha soya, iliyoundwa kwa vibao vya mti wa sugi vilivyobanwa kwa mikanda ya mianzi iliyosukwa. Inasimuliwa kwamba tetemeko la 1802 liliinua ufuo, vighuba vikajaa miamba, na mashua ndefu ikawa haigeuki. Pipa likafaa zaidi kwa kuchuma mwani na kuokota konokono wa baharini. Ufundi wa kuyaunda uliorodheshwa na serikali kuwa urithi wa taifa 2007.

Leo wengi wanaovushwa ni watalii, nami nilikuwa mmoja wao. Mama aliyenivusha alisimama mbele akiliyumbisha kafi lake moja kushoto na kulia, na pipa likaenda moja kwa moja bila kuzunguka. Kisha akaegemea ukingo na kunionyesha kwa kidole mwani uliokuwa ukicheza chini yetu, akautaja kwa jina lake.